Kansere ya prostati: munganga akishasema, moyo unabeba namna gani?

Mu Lubumbashi, baba wa miaka 60 na zaidi akisikia neno «kansere», mara nyingi anasikia neno moja tu: kifo. Maelezo yanayofuata, ya dawa, ya damu, ya tarehe ya kurudi, hayaingii tena. Anatoka hospitali na karatasi mkononi, anapanda taksi-basi, anafika ku nyumba Katuba ao Ruashi. Bibi akimuuliza munganga amesema nini, jibu ni fupi: «Alinipa dawa, haiko kitu.»

Kimya kile kina uzito wake. Wanganga wanatibu uvimbe, lakini woga, haya na hasira vinabakia ku nyumba, na hakuna karatasi ya dawa inayoviandika. Hapa chini inaelezwa kwa nini moyo unafanya vile, ni nini kinachotoka mu ugonjwa na ni nini kinachotoka mu dawa zenyewe, na jamaa inaweza kusaidia namna gani.

NENO MOJA, MAGONJWA YASIYOFANANA

Prostati, ambayo vitabu vya Kiswahili vinaita tezi dume, ni tezi ndogo ya mwanaume. Inakaa chini ya kibofu na inazunguka njia ya mkojo. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya maji yanayobeba mbegu za uzazi. Kwa wanaume wengi tezi hiyo inavimba kadiri miaka inavyoenda, na kuvimba peke yake si kansere. Nelson Mandela alipita mu njia zote mbili. Mwaka 1985, akiwa bado mfungwa, alipasuliwa prostati iliyokuwa imevimba tu. Mwaka 2001, akiwa na miaka 83, wanganga walikuta kansere kwelikweli, wakamtibu kwa miale kwa muda wa majuma saba. Alikufa mwaka 2013, na miaka 95, juu ya ugonjwa wa mapafu.

Kansere yenyewe nayo haina sura moja. Iko ile inayokaa ndani ya tezi na kukua polepole miaka na miaka, na iko ile kali inayotoka na kuingia mu mifupa, zaidi sana ya mgongo na ya nyonga. Ndiyo maana munganga anakata kipande kidogo cha tezi na kukipeleka kuangaliwa na darubini, kazi inayoitwa biopsi. Jibu linarudi na namba inayoitwa Gleason, jina la munganga wa Marekani aliyeitengeneza. Inaanza kwa 6, ile inayokwenda polepole, mpaka 10, ile kali zaidi.

Namba ingine inayotisha watu ni ya damu, PSA. Inasaidia kufuata ugonjwa, lakini peke yake haisemi kama mutu iko na kansere ao hapana: maambukizo ya mkojo ao tezi iliyovimba tu vinaweza kuipandisha. Mgonjwa mwenye kulala usiku akihesabu namba ile inafaa aulize munganga swali moja la wazi: «Kwangu mimi, namba hii inaonyesha nini, na inasimama pamoja na matokeo gani mengine?»

Hata ugonjwa uliofika mu mifupa hauna tarehe iliyoandikwa. Mwaka 1981, miezi michache kisha kuchaguliwa, wanganga wa rais wa Ufaransa François Mitterrand walikuta kansere ya prostati iliyokwisha kuingia mu mifupa. Aliishi mpaka Januari 1996. Si kila mutu anapata miaka mingi vile, na munganga mwaminifu hataiahidi. Lakini kansere kubwa haina maana ya kifo cha juma lijalo, na kati ya siku ya habari na siku ya mwisho mara nyingi kuna maisha ya kuishi.

SIKU ZA KWANZA: KICHWA KINAFUNGA MLANGO

Jambo la kwanza linalotokea ni mshtuko. Mutu anakaa sawa vile sauti ya munganga inatoka mbali. Wamoja wanacheka, wengine wanauliza bei ya taksi. Hii si ujinga wala ukosefu wa akili: kichwa kinafunga mlango kwa muda kusudi habari isiingie yote kwa mara moja. Kisha mlango unaanza kufunguka kidogo kidogo, mara nyingi usiku: usingizi unapotea, bukari inakosa ladha, moyo unapiga mbio bila sababu.

Mwaka 1969 munganga Elisabeth Kübler-Ross, Mswisi aliyefanya kazi Chicago, aliandika juu ya mambo matano aliyoyasikia kwa wagonjwa wenye ugonjwa mkubwa: kukana, hasira, kupatana bei na Mungu, huzuni, na kukubali. Watu wengi wanayachukua sawa vile ngazi ya kupanda, hatua kwa hatua. Haiko vile. Mutu anaweza kukubali asubuhi, akakana saa sita, akakasirikia watoto mangaribi. Jamaa isishangae na isiseme «lakini jana ulikuwa muzuri».

Mu siku hizo, mambo matatu madogo yanasaidia sana:

Kwanza, kurudi kwa munganga mara ya pili kisha siku chache, na kusindikizwa na mutu mumoja anayeaminiwa: bibi, mtoto mkubwa, ndugu. Masikio mawili yaliyotulia yanashika kile mgonjwa hakusikia.

Pili, kuandika maswali mu kayé ya watoto mbele ya kwenda. Kansere imefika wapi? Dawa zinazowezekana hapa Lubumbashi ni zipi? Kila moja inaleta taabu gani? Tukingoja mwezi mumoja, kuna hatari? Swali hili la mwisho linatuliza wengi, sababu mara nyingi kwa kansere ya prostati kuna muda wa kufikiri, na munganga njo anaweza kusema kama muda ule uko kwa mgonjwa huyu.

Tatu, kutokata mashauri makubwa mu juma la kwanza. Lupango lililouzwa mu siku tatu za woga halirudi.

JUU YA NINI BABA ANANYAMAZA

Wanaume wengi wa Lubumbashi wenye kufikia umri wa ugonjwa huu walikua mu dunia ya kampuni. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, na kisha Gécamines, zilimpa mfanyakazi nyumba, unga, masomo ya watoto na hospitali. Baba alikuwa ni mkono uliolisha nyumba nzima, na jina lake lilikuwa namba yake ya kazi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka mu kile kilichoitwa «kwenda kwa kupenda», wakapewa feza ya mara moja. Pamoja na kazi, hospitali ya bure nayo ilikwenda. Mbele ya kansere, wengi wao walikwisha kujifunza namna moja ya kuvumilia: kufunga kinywa na kutafuta makuta ya kesho.

Sasa ugonjwa unakuja na unagusa fasi ambayo baba haongelei hata na ndugu yake. Ni mkojo, ni kitanda cha ndoa, ni kidole cha munganga kinachoingia nyuma kupima tezi. Mu mtaa, mwanaume mwenye kwenda chooni mara tano usiku anashukiwa kisonono. Kijana anayemwona muzee akisimama muda mrefu pa ukuta anatupa utani. Haya inajenga ukuta, na nyuma ya ukuta ule kuna sauti inayosema: «Mi njo mwenye nyumba. Kama mi naanguka, nani atabakia?»

Nchi yenyewe ilikwisha kuona namna ugonjwa huu unavyogeuka kuwa aibu ya watu wote. Mu Agosti 1996 rais Mobutu Sese Seko alipasuliwa kansere ya prostati Lausanne, Uswisi. Miezi ile alipokuwa Ulaya, watu nyumbani waliishi kwa minong'ono. Noti mpya za zaire zilizotoka siku zile, zenye watu walizikataa, raia walizipa jina la «prostate». Mu Aprili 1997 Lubumbashi iliangukia mikononi mwa AFDL, Mei Mobutu akakimbia Kinshasa, na tarehe 7 Septemba 1997 akafa Rabat, Morocco. Watu walikuwa na sababu zao nyingi za kumchukia kiongozi yule, lakini mzaha juu ya tezi yake ulibakia hata kwa wasio na kosa. Mpaka leo kuna baba ambaye angependa watu waseme iko na sukari ao presha, kuliko kulitaja neno lile.

Mwaka ule ule wa 1997, mwanaume mwingine wa Afrika alipewa habari hiyo hiyo. Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini alikuwa anaongoza Tume ya Ukweli na Maridhiano. Hakuficha. Alisema wazi iko na kansere ya prostati, akatibiwa, akarudi ku kazi, akaingia hospitali tena na tena mu miaka iliyofuata. Alikufa tarehe 26 Desemba 2021, na miaka 90. Tutu alikuwa na pesa na wanganga ambao baba wa Kenya ao Kampemba hana, na hiyo ni tofauti kubwa. Lakini kusema hakuomba pesa. Kulimpa watu wa kumwombea na kumsindikiza wenye kujua wanachoombea.

Kusema haina maana ya kutangaza sokoni. Inatosha watu wawili ao watatu. Mgonjwa njo mwenye habari yake: anachagua nani ajue, ajue nini, na lini. Jamaa inayokimbia kutangaza mu kikundi cha WhatsApp cha ukoo mbele ya ruhusa yake inamnyang'anya kitu cha mwisho ambacho bado anakitawala.

NANI ALINILETEA HII?

Kisha mshtuko, kichwa kinatafuta mwenye kosa. Mu nyumba nyingi jibu la kwanza ni bulozi: shangazi aliyegombania lupango, jirani mwenye wivu, mtoto wa ndugu. Kutafuta sababu ni jambo la kibinadamu, sababu ugonjwa wenye jina la adui unaonekana unaweza kupiganwa. Lakini bei yake ni kubwa. Muzee aliyehitaji watu wote karibu naye anajikuta mu ukoo uliopasuka vipande viwili, na mutu asiye na kosa anafukuzwa.

Wengine wanajilaumu wenyewe: wanawake wa ujana, pombe, zambi ya zamani. Hapa sayansi inasaidia moyo. Kansere ya prostati haiambukizwi mu kitanda, na bibi hawezi kuipata wala kuileta. Vitu vinavyojulikana kuongeza hatari ni umri, damu ya jamaa (baba ao ndugu wa tumbo moja aliyeipata), na asili: wanaume weusi wanaipata zaidi na mara nyingi inakuwa kali zaidi. Hakuna hata moja ambalo mutu alilichagua.

Kuna lawama ya tatu, inayouma zaidi: «Kama ningalikwenda mapema.» Ni kweli kwamba ugonjwa ukipatikana mapema unatibika vizuri zaidi. Lakini mwanzoni kansere hii mara nyingi haitoi ishara yoyote. Mu Mei 2025 ofisi ya Joe Biden, aliyekuwa rais wa Marekani, ilitangaza kwamba iko na kansere kali ya prostati, Gleason 9, iliyokwisha kufika mu mifupa. Kama mutu mwenye wanganga karibu naye kila siku anaweza kukutwa vile, baba wa Lubumbashi asijichape juu ya kutojua.

Na kanisa? Maombi yanatuliza wengi, na wanawake wa kanisa wanaokuja kuimba na kupika wanafanya kazi ambayo hakuna kidonge kinaifanya. Hatari inakuja pale mchungaji ao munganga wa miti anapomwambia mgonjwa aache dawa kusudi aonyeshe imani. Tutu alikuwa askofu, aliomba kila siku, na alikunywa dawa.

DAWA NAYO INAGUSA MOYO

Jambo hili jamaa nyingi hazielezwi. Kansere ya prostati inakula homoni ya kiume inayoitwa testosteroni. Mwaka 1941 munganga Charles Huggins wa Chicago alionyesha kwamba homoni hiyo ikikatwa, ugonjwa uliotawanyika unarudi nyuma. Juu ya kazi ile alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1966. Mpaka leo hiyo ndiyo tiba ya kwanza ya kansere iliyotoka nje ya tezi. Inafanywa kwa njia mbili: sindano za kila mwezi ao za kila miezi mitatu, ao operesheni ndogo ya kutoa korodani.

Sindano ni bei. Operesheni inafanywa mara moja, inagharimu kidogo zaidi kwa muda mrefu, na kazi yake juu ya ugonjwa inafanana na ya sindano. Lakini neno lenyewe linamchoma mwanaume. Wengi wanatoka ofisini mwa munganga na hawarudi tena. Kwao ni sawa vile kuambiwa wakabidhi uanaume wao pa meza. Munganga anayetaja operesheni ile kwa dakika mbili, mbele ya wanafunzi wanne, anapoteza mgonjwa. Inaomba kiti, mlango uliofungwa, na muda. Kitu kinachosaidia ni kujua ukweli huu: sindano nayo inazima homoni ile ile. Tofauti ni kwamba sindano ikiachwa homoni inaweza kurudi, na operesheni hairudi nyuma. Sauti ya mwanaume mzima haibadiliki, ndevu hazianguki zote, na akili yake ya baba na ya bwana inabakia.

Mambo yanayobadilika ni haya: hamu ya kitanda inapungua ao inaisha, nguvu za uume zinapungua, joto linapanda ghafula na jasho linatoka, mwili unachoka, tumbo linanona, mifupa inapungua nguvu. Na moyo: mutu anaweza kulia bila sababu, kukasirika haraka, kukosa furaha. Baba asiyejua anafikiri amekuwa dhaifu, na bibi asiyejua anafikiri hapendwi tena ao kuna mwanamke mwingine. Kumbe ni dawa. Inafaa munganga aelezwe, sababu kuna yanayoweza kupunguzwa. Kutembea kila siku, hata kuzunguka avenyu mara mbili wakati jua limepoa, kunasaidia uchovu, mifupa na mawazo.

Juu ya ndoa, wenye kuvuka vizuri ni wale wanaosema mapema. Sentensi moja ya bwana, «Dawa imenikata hamu, haiko weye», inaokoa miezi ya shaka. Bibi naye anaweza kusema kile ambacho bado anakitaka: kulala kitanda kimoja, kushikwa mkono, kuulizwa habari ya soko. Ndoa nyingi za wazee zilikwisha kuwa na msingi mwingine zaidi ya kitanda. Ugonjwa unaomba tu msingi ule utajwe kwa sauti.

FEZA INALETA WOGA WAKE

Kwa wengi, usingizi haukatwi na kansere, unakatwa na bei. Biopsi, skana, sindano, kila kitu ni cha kulipa mkononi. Radioterapi inamfanya mutu afikirie safari. Wengine wanavuka Kasumbalesa, karibu kilometa 90 kutoka mjini, kwenda Lusaka, Zambia, kunako hospitali ya kansere iliyofunguliwa mwaka 2007. Wengine wanafikiria Kinshasa, Afrika Kusini ao India. Mbele ya kuuza kitu chochote, inafaa munganga apige simu ku fasi ile: mashine inafanya kazi sasa? Zamu ni ya miezi mingapi? Kwa mgonjwa huyu, safari itaongeza nini juu ya kile kinachopatikana hapa?

Mkutano wa jamaa juu ya feza ufanywe mara moja, na mgonjwa akiwa ndani. Wazee wengi wanakataa dawa kwa sababu moja tu: hawataki mjukuu atoke masomoni juu yao. Wakiachwa nje ya mazungumzo, wanajifikiria kuwa mzigo. Wakiingizwa, wanaweza kusema wazi: hiki kiuzwe, kile kisiguswe. Neno lao liheshimiwe.

HUZUNI IKIZIDI KIPIMO

Huzuni ni ya kawaida. Lakini kama majuma mawili yanapita na baba halali, hali, hataki kuona mutu, hapendi tena hata redio ao mechi ya Mazembe, anasema «mi ni mzigo» ao «heri nife», hiyo si tabia ya uzee. Ni depresio, ugonjwa wenye dawa zake. Kwa wanaume mara nyingi inavaa nguo ya hasira ao ya lutuku: kikombe cha kwanza kinaleta usingizi, cha tano kinaleta ugomvi, na pombe nyingi inagombana na dawa.

Utafiti uliofanywa Sweden na Marekani umeonyesha kwamba hatari ya mwanaume kujiua inapanda kisha kupewa habari ya kansere ya prostati, zaidi sana mu majuma na miezi ya kwanza. Kwa hiyo swali liulizwe waziwazi na kwa upole: «Baba, unafikiri kujiua?» Kuuliza hakumpi mutu wazo, kunamfungulia mlango. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, vitu vya hatari viondolewe, na apelekwe hospitali siku ile ile. Mu Lubumbashi iko kituo cha Joseph Guislain, cha Mafrère wa Upendo, kinachotunza magonjwa ya moyo na ya akili. Watu wanakiogopa juu ya jina la «fasi ya wenda wazimu», lakini mutu wa depresio njo mgonjwa wao vilevile. Idara za magonjwa ya akili za hospitali kubwa, sawa vile Kliniki za Chuo Kikuu ao Sendwe, ni milango mingine ya kuulizia.

MAUMIVU HAYAPIMI UJASIRI

Baba wengi wanavumilia maumivu ya mgongo kusudi watoto wasione. Maumivu yasiyotibiwa yanavunja moyo haraka kuliko habari yoyote. Munganga wa Uingereza Cicely Saunders, aliyefungua mwaka 1967 London nyumba ya kwanza ya kisasa ya kutunza wagonjwa wa mwisho, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho kwa pamoja, na yanatibiwa pamoja. Karibu yetu, Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na munganga Anne Merriman, ilionyesha kwamba mofini ya maji ya kunywa, dawa ya bei ndogo, inaweza kutumiwa ku nyumba bila kumfanya mgonjwa wa kansere kuwa mtumwa wake. Kwa hiyo kuuliza munganga «maumivu haya yanatulizwa na nini?» ni haki, si kulalamika.

Ishara mbili haziombi kungoja hata usiku mumoja: miguu inayoanza kulegea ao kufa ganzi pamoja na maumivu ya mgongo, na mkojo uliofungwa kabisa. Ya kwanza inaweza kuwa kansere inabana uti wa mgongo. Ikicheleweshwa, mutu anaweza kubakia kiwete.

MANENO YANAYOBEBA, MANENO YANAYOANGUSHA

«Usiogope» inamfunga mgonjwa kinywa. «Unaogopa nini zaidi?» inamfungua. «Mungu atafanya» ni neno zuri kisha kusikiliza, si mbele ya kusikiliza. «Fulani alikuwa na ile ile, alikufa mu miezi miwili» lisisemwe kabisa. Wageni wasijae sawa vile ku kilio, wanene kwa sauti ya chini na kumwangalia sawa vile amekwisha kuondoka. Aachiwe kazi zake: kukata mashauri ya watoto, kufundisha mjukuu kurekebisha baiskeli, kukaa pa kiti chake cha barazani.

Bibi naye aulizwe. Yeye njo anafua mashuka usiku, anahesabu vidonge, anatafuta feza, na anaogopa bila mutu wa kumwambia. Binti ao dada akimpokea siku moja kwa juma, aende kanisani ao alale tu, nyumba nzima inapata pumzi.

Jambo la mwisho linawahusu watoto wa kiume na ndugu wa mgonjwa. Damu yao inaongeza hatari yao. Wakifika miaka 45, ao 40 kama wagonjwa mu jamaa ni wengi, inafaa wamuulize munganga juu ya kipimo cha PSA, hata bila kusikia taabu yoyote. Wazee wengi waliokataa kusema juu yao wenyewe wamekubali kusema pale walipoelezwa kwamba mtoto wao hawezi kupimwa juu ya ugonjwa ambao hakuambiwa.